Kipandikizi cha jino chenye chembe za fedha: mzee aongeze hela au la?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mzee wangu ana miaka 63, ana kisukari, na ameng'olewa magego mawili ya chini kushoto. Kliniki moja hapa Dar imempangia vipandikizi viwili. Wanasema wanavyo vya kawaida, na wanavyo vingine vilivyopakwa chembe nano za madini ya fedha, ambavyo "haviguswi na bakteria milele". Hivyo vya pili vinazidi kwa laki saba kila kimoja. Mzee anasema kama ni suala la bakteria tulipe tu tuishe. Mimi nina wasiwasi. Je, chembe hizo zinafanya kazi kweli? Na haziwezi kumdhuru mtu mwenye sukari? Binti yake, Mbagala.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa mizunguko ya hospitali. Nianze na la hela kwa kuwa ndilo linalowabana wiki hii: hiyo laki saba msiilipe, angalau si kwa maelezo mliyopewa. Kwamba chembe za fedha zinaua bakteria halina ubishi, maabara za nchi nyingi zimelionyesha tena na tena. Tatizo ni muda. Nguvu yake huisha ndani ya siku au wiki, ilhali ugonjwa unaoangusha vipandikizi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka. Hayo maneno "haviguswi na bakteria milele" ni ya muuzaji.

Sasa nifafanue, maana najua mzee atataka sababu.

Kipandikizi ni skrubu ya madini ya titani, kwa kawaida ina urefu wa milimita 8 hadi 13 na unene wa milimita 4 hivi. Daktari huizungusha ndani ya mfupa wa taya, kisha huachwa kwa wiki kadhaa au miezi michache ili mfupa uikamate. Ikishakamatwa, juu yake hufungwa kiungo kidogo kinachotokeza kwenye ufizi, na juu ya kiungo hicho ndipo jino bandia linapokaa. Kwa hiyo kuna sehemu tatu: iliyozama mfupani, inayopita kwenye ufizi, na inayotafuna. Ishike hiyo ya katikati, maana ndiyo kiini cha jibu langu.

Titani ikikutana na hewa hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi, unene wa nanomita chache tu, na ni ngozi hiyo ambayo mfupa unaikubali. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliligundua jambo hili mwaka 1952 alipokuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alipotaka kuvitoa vifaa vyake vya titani, havikutoka, mfupa ulikuwa umeshavishika. Mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na kasoro ya taya tangu kuzaliwa. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa na vipandikizi vyake na bado vinafanya kazi, zaidi ya miaka 40 baadaye. Ile ilikuwa titani iliyochongwa kwa mashine, basi. Haikupakwa fedha wala kitu kingine chochote. Si kila mtu atafika huko, lakini tafiti za kufuatilia wagonjwa zinaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 hubaki mahali pake kwa miaka 10, navyo ni hivyohivyo vya kawaida. Mzee asidhani kipandikizi kisicho na chembe nano ni cha daraja la pili.

Vinavyosumbua husumbuliwa na nini basi? Hapa nitakawia kidogo.

Jino la asili limefungwa kwenye ufizi kwa nyuzinyuzi zinazozama ndani ya ganda la mzizi. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo hupita pembeni ya chuma, zinakizunguka, lakini hazijashika popote. Damu inayofika hapo nayo ni kidogo kuliko kwenye jino, kwa kuwa ule utando laini unaozunguka mzizi wa jino haupo. Kwa hiyo shingo ya kipandikizi ni mlango ambao kizingiti chake ni dhaifu tangu siku ya kwanza. Ndani ya dakika chache tu baada ya chuma kugusa mate, protini za mate hukifunika. Saa chache baadaye streptokoka wa kawaida wa kinywani wanajishikiza juu ya protini hizo. Wasiposuguliwa, wanafuata bakteria wengine wanaowashika wa kwanza kwa upande mmoja na kuwakaribisha wageni kwa upande wa pili, Fusobacterium nucleatum ndiye dalali mkubwa wa kazi hiyo, hadi wanafika wale wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis, ambao makazi yao ni kwenye kina. Huo mkusanyiko wote ndio ukoga.

Mwanzoni ufizi unavimba na kutoa damu ukiguswa. Hatua hii inarudi nyuma ukisafishwa vizuri. Ukoga ukiachwa, kwa baadhi ya watu uvimbe unashuka kwenye mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi kirahisi. Hiyo ndiyo periimplantaitisi. Ukiingiza taratibu kijiti cha kupimia kwenye ufizi wenye afya, kinakwama mapema. Kwenye ulioumwa kinazama milimita 6 au 7, damu inajitokeza kabla hujakitoa, na ukibonyeza ufizi kwa kidole unaweza kuona usaha ukichungulia. Mgonjwa mwenyewe, mara nyingi, hasikii maumivu yoyote. Anatafunia nyama vizuri tu.

Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima watu waliokuwa na vipandikizi kwa takriban miaka 9. Watu 45 katika kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa huo kwa kiwango fulani, na wenye hali ya wastani au mbaya walikuwa 14.5 katika kila 100. Ugonjwa upo, na ni wa watu wengi, kwa hiyo watafiti wanaohangaika na mipako ya kuua bakteria hawapotezi muda. Lakini angalia hiyo miaka 9, tutairudia.

Tuje kwenye chembe zenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe huitwa nano ikiwa na ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, na bakteria wa kawaida ana kama nanomita 1,000. Kipande cha fedha ukikivunjavunja hadi ukubwa huo, eneo lake la nje linaongezeka mno kwa uzito uleule, na ni kutoka kwenye eneo hilo la nje ambako ioni za fedha zinatoka. Ioni ndizo muuaji. Zinanasa kwenye sehemu za protini zenye salfa, zinatoboa ngozi ya bakteria, zinavuruga upumuaji wake, na kumzalishia kemikali zenye oksijeni kali zinazomuunguza kwa ndani. Kwa kuwa zinampiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja, si rahisi kwake kupata usugu kama anavyoupata dhidi ya antibiotiki. Si rahisi, lakini hutokea: usugu dhidi ya fedha uliripotiwa tangu mwaka 1975, kwa Salmonella kwenye wodi ya majeraha ya moto huko Boston.

Ukisoma makala za maabara utakutana na picha moja inayopendwa sana. Sahani ya jeli imejaa bakteria, katikati kimewekwa kisahani cha titani chenye mpako, na kukizunguka kuna duara safi ambamo hakuna kilichoota. Picha nzuri, na wauzaji wanaipenda zaidi kuliko watafiti walioipiga. Jaribio la namna hiyo kwa kawaida hudumu saa 24, lina aina moja au mbili za bakteria, na halina mate, damu, wala mswaki. Kinywa cha mtu kina aina mamia kadhaa za bakteria, wanakula kila anapokula, na hawaendi likizo. Hata ile asilimia 99.9 inayoandikwa kwa herufi kubwa ina hesabu yake. Bakteria milioni 1 wakifa kwa asilimia 99.9 wanabaki 1,000, nao wakipata sukari na utulivu wanaweza kurudi kwenye milioni baada ya kugawanyika mara 10 tu.

Kuna kazi nzuri zaidi ya hizo. Mwaka 2011 watafiti wa China walichapisha matokeo ya titani iliyopitishiwa umeme ndani ya kemikali hadi uso wake ukaota mirija midogo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha wakajaza chembe za fedha ndani ya mirija hiyo ili zitoke polepole. Bakteria waliokuwa wakielea waliuawa wote katika siku chache za mwanzo, na uwezo wa kuwazuia wasijishikize ulidumu kwa siku 30. Kwa maabara, siku 30 ni mafanikio makubwa. Sasa ziweke siku hizo 30 pembeni ya miaka 9 ya wale Waswidi.

Wavuvi wa kwetu wanalijua tatizo hili bila maabara. Chombo cha mbao hupakwa deheni chini ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa na kuota juu yake, na hakuna nahodha anayepaka mara moja akasahau. Kila baada ya muda chombo kinapandishwa ufukweni, kinakwanguliwa, kinapakwa upya. Kipandikizi hakipandishwi ufukweni. Kikishaingia taya, fedha iliyokuwemo ndiyo hiyohiyo, na ikishatoka imetoka.

Na kuna mambo mengine yanayoipunguzia nguvu hata kabla haijaisha. Ile ngozi ya protini za mate niliyoitaja inafunika mpako kama inavyofunika chuma kitupu, na bakteria wanaosimama juu yake hawaigusi fedha moja kwa moja. Mate na damu vina kloridi nyingi, ambayo ikikutana na ioni za fedha inazigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka vizuri. Protini za damu zinanasa nyingine. Kingine ni kazi ya kuingiza skrubu yenyewe. Huzungushwa kwa nguvu, mara nyingi hadi niutoni-sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ikikwaruzana na mfupa njia nzima. Mpako usioshikamana vizuri unaweza kubanduka hapo na kuacha vipande mfupani. Watafiti wamejaribu kuzizamisha chembe ndani ya titani yenyewe ili zisibanduke, na inasaidia, ila kadiri unavyozifunga ndivyo ioni zinavyotoka chache.

Jingine la kuwaambia wanaosema "ongeza dozi basi". Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Ujerumani lililinganisha sumu ya fedha kwa bakteria na kwa seli za binadamu, wakakuta kwamba zote zinaanza kudhurika katika kiwango kinachokaribiana sana. Maana yake nafasi ya kuchezea ni finyu. Mpako mkali wa kuua kila bakteria unaweza pia kuzizuia seli za mfupa zisikamate skrubu, na kipandikizi kisichokamatwa na mfupa kinatoka chenyewe hata kama hakuna bakteria hata mmoja. Ndiyo sababu wengine wamehamia kwenye zinki, ambayo kwa kiwango kidogo inasaidia seli za mfupa, au kwenye shaba, au kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Zote bado zinahangaika na mzani huohuo.

Usije ukadhani nasema fedha haifai popote. Kuna mahali imeonyesha faida kwa wagonjwa halisi. Huko Münster, Ujerumani, madaktari wa mifupa walianza kutumia fedha kwenye viungo bandia vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mfupa, vile vinavyochukua nafasi ya sehemu kubwa ya paja au mguu. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalilinganisha wagonjwa 125. Waliowekewa titani tupu walipata maambukizi kwa asilimia 17.6, na waliowekewa yenye fedha kwa asilimia 5.9. Hata hivyo idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na kitakwimu tofauti hiyo ilikuwa mpakani. Lakini kilichonivutia mimi ni wapi walipaka. Fedha ilikuwa kwenye mwili wa kiungo unaokaa katikati ya nyama. Shina linaloingia ndani ya mfupa halikupakwa. Waliogopa kuuudhi mfupa. Kipandikizi cha jino kimekaa kinyume chake, karibu mwili wake wote ni shina la ndani ya mfupa, na nyama inayokigusa ni ile pete nyembamba ya ufizi shingoni.

Ndiyo maana nilikwambia ushike sehemu ya katikati. Ningekuwa mimi ndiye mtafiti, mpako wa kuua bakteria ningeuelekeza kwenye kile kiungo kinachopita ufizini. Ni rahisi kukifungua, na mpako ukichoka unakibadilisha bila kugusa mfupa. Kuna wanaofanya hivyo, na kuna wanaotengeneza mipako inayotulia hadi eneo lizungukwe na tindikali ya bakteria ndipo itoe dawa. Hiyo naifuatilia kwa hamu. Vile viungo vya rangi ya dhahabu ambavyo huenda mkaonyeshwa si dhahabu, ni titani iliyovikwa titani-nitridi, na faida yake kubwa ni ugumu na rangi inayopendeza chini ya ufizi mwembamba.

Sasa nikurudishe kwenye boksi lenyewe. Neno "nano" limeandikwa kwenye vipandikizi vingi halali na vya heshima, lakini mara nyingi halihusiani na bakteria hata kidogo. NanoTite iliyotoka mwaka 2007 ilikuwa na fuwele ndogo sana za kalsiamu fosfeti. HAnano ya Sweden ni tabaka jembamba la hidroksiapataiti, yaani madini yaleyale ya mfupa. Lengo la zote mbili ni mfupa ushike haraka. Inawezekana kabisa kwamba kliniki yenu ina bidhaa ya aina hii na mtu wa mapokezi ameieleza alivyoielewa. Kwa hiyo ulizeni kwa upole, kwa maandishi: jina kamili la bidhaa na kampuni, chembe ni za madini gani, ziko mfupani au shingoni, na kuna utafiti wa wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingapi. Wakiwapa utafiti wa sahani za jeli au wa panya, mmeshapata jibu. Ulizeni pia kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Na kama wanasema kina cheti cha Ulaya, kanuni ya huko ya vifaa tiba, namba 2017/745, inakiweka kifaa chenye chembe nano zinazoweza kuingia mwilini kwa kiwango cha kati au kikubwa kwenye daraja la III, la juu kabisa kwa hatari. Cheti cha daraja hilo hakipatikani kwa vipeperushi.

Mtaniuliza, je, wiki zile za kwanza ambazo fedha ingefanya kazi, mzee atakaa bila kinga? Kuna kinga ya bei ya chini sana. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 6 na kukuta kwamba amoksilini gramu 2 kwa mkupuo mmoja, saa moja kabla ya upasuaji, inapunguza vipandikizi vinavyoanguka mapema. Kwa kila watu 25 wanaopewa, mmoja anaepushwa na kupoteza kipandikizi. Hizo ni kapsuli nne za miligramu 500. Msizinunue wenyewe. Daktari anayempasua ndiye aamue, na kama mzee alishawahi kuvimba au kuwashwa kwa sababu ya penisilini lazima amwambie.

Kwa mzee wako hasa, ningehangaika na mambo mengine kabisa. La kwanza ni sukari. Akapime HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi. Kikiwa asilimia 7 au karibu na hapo, naendelea bila woga. Kikiwa 8 kwenda juu, mimi naomba tuahirishe, twende kwanza kwa daktari wake wa kisukari. Mfupa haukimbii, na magego mawili ya kushoto yanaweza kusubiri miezi michache akitafunia kulia. La pili, hukuniambia meno yake yaling'olewa kwa nini. Kama yalitoboka, sawa. Kama yalilegea yenyewe kwa ugonjwa wa fizi, bakteria waliofanya kazi hiyo bado wamo kwenye meno yaliyobaki, na watahamia kwenye chuma kipya. Fizi zitibiwe kwanza, zote. Na kama anavuta sigara, huo ndio mjadala mgumu wa nyumbani, na hauhitaji mimi.

La tatu watu wengi hawaliulizi: jino bandia litashikwa na nini? Kuna namna mbili. Moja linagundishwa kwa simenti ya meno, nyingine linafungwa kwa skrubu ndogo inayopita katikati ya jino. Simenti ikizidi inaminywa chini ya ufizi, inaganda pale ambapo jicho halifiki, na inakuwa na uso wenye vinyweleo ambamo ukoga unakaa raha mustarehe. Utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliangalia kwa kamera ndogo chini ya ufizi wa watu waliokuwa na dalili za ugonjwa kuzunguka vipandikizi vilivyogundishwa, ukakuta simenti iliyobaki katika asilimia 81 ya kesi. Ilipoondolewa, wengi wao walitulia. Mimi mwenyewe nimeshawatoa wagonjwa vipande vya milimita 2 tu vilivyokuwa vimewasumbua muda mrefu, na eksirei haikuwa imevionyesha kwa kuwa vilikuwa upande wa ulimi, nyuma ya chuma. Kwa hiyo mkipewa nafasi ya kuchagua, ombeni skrubu. Hata siku ikitokea shida, daktari analifungua jino, anasafisha, anafunga.

Halafu muombeni fundi wa maabara ya meno asiyashindilie magego hayo mawili yakabanana hadi chini. Lazima pawe na nafasi ya kuingiza kiburashi kidogo cha katikati ya meno. Mzee akaonyeshwe kukitumia kabla hajaondoka kwenye kiti, na arudie mwenyewe mbele ya kioo huku daktari anamtazama. Kwa miaka 63 macho na vidole vinaweza kuwa na shida zake, na wewe au mtu mwingine wa nyumbani ni vizuri muwepo siku hiyo.

Vipandikizi viwili kwa laki saba za nyongeza ni milioni moja na laki nne. Hela hiyo itengeni kwa usafishaji na ukaguzi: kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza kwa kuwa ana kisukari, kisha daktari ataona kama inafaa kusogea hadi sita. Kila ziara ufizi upimwe kwa kile kijiti na namba ziandikwe. Namba ya leo bila ya mwaka jana haisemi mengi. Siku jino linapovalishwa ipigwe eksirei, na nakala mkae nayo, maana ndiyo kipimo cha mfupa ulipoanzia.

Uliuliza pia kama fedha inaweza kumdhuru. Kwa kiasi kidogo kilichopo kwenye kipandikizi, sumu ya mwili mzima siitarajii. Kwa wale wagonjwa wa viungo vikubwa, ambao fedha yao ni nyingi mno ukilinganisha, baadhi waliripotiwa ngozi kugeuka rangi ya kijivu-bluu karibu na kifaa. Kisukari chenyewe hakifanyi fedha iwe sumu zaidi. Wasiwasi wangu kwa mtu wa sukari ni kwamba mfupa wake tayari unapona kwa mwendo wa taratibu, na sioni sababu ya kuuwekea kitu ambacho kinaweza kuuchelewesha tena. Kama mzee ameshalipia na kipandikizi kimeshawekwa, usimtie hofu. Kitunzwe sawasawa na kingine chochote.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Kila boksi la kipandikizi huja na stika ndogo zenye jina la kampuni, ukubwa na namba ya toleo. Ombeni moja ibandikwe kwenye kadi ya mzee na nyingine ibaki kwenye faili la kliniki. Kila kampuni ina bisibisi yake, na daktari atakayekuja kukifungua miaka 10 kutoka leo, huenda akiwa Mwanza au Mombasa, atahitaji kujua ashike ipi.